Ulaini wa Chembe ya Damu: Khabari Iunganishayo Pwani na Ziwa

Ndugu msomaji, leo napenda tuzungumze khabari ya kitu ambacho kila mmoja wetu anacho wala hapana aliyekinunua. Nacho ni chembe nyekundu ya damu. Wengi wetu hudhani kuwa damu ni maji mekundu tu. Sivyo. Damu ni maji yaliyobeba chembe nyingi mno zisizohesabika kwa macho, na kila chembe ina umbo lake, ina ngozi yake, ina ulaini wake na ugumu wake. Na katika huo ulaini na ugumu ndimo ilimo sababu ya watoto wengi kuishi, na ya watoto wengi kufa, kuanzia pwani yetu mpaka huku kwenye ziwa.

Nasema "huku" kwa kuwa nayaandika haya nikiwa Didia. Ikiwa wewe uko Lamu au Mombasa, Tanga au Unguja, huenda ukauliza Didia ni wapi. Ni kata katika Wilaya ya Shinyanga, ndani ya nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba na mpunga na ng'ombe, kusini ya Ziwa Viktoria. Na ukielekea kaskazini-magharibi ndiko iliko dhahabu ya Geita. Nimefundisha madrasa huku kwa miaka mingi, na jambo moja limenidhihirikia: ugonjwa uwalizao akina mama wa Didia ndio huo huo uwalizao akina mama wa Kilifi na wa Tanga. Jina lake ni selimundu, na wengi huuita sikoseli. Mimi si tabibu, na dawa sinayo. Nilicho nacho ni historia ya namna ugonjwa huu ulivyojulikana, kwani mtu asiyejua jambo lilivyochunguzwa ni mwepesi wa kuamini uzushi juu yake.

WALIOTANGULIA KUITAZAMA DAMU

Kwa zaidi ya miaka elfu matabibu walifuata kauli ya Galen, kwamba damu hupenya kutoka upande mmoja wa moyo kwenda upande wa pili kwa kupitia vitundu vilivyomo katika ukuta wa katikati. Mwaka 1242 tabibu na faqihi Ibn al-Nafis, mtu wa Sham aliyefanya kazi Misri, aliandika sharhe ya yale aliyoyasema Ibn Sina juu ya viungo vya mwili, na humo akaikataa kauli hiyo. Akasema ukuta ule ni mnene, hauna vitundu, na kwamba damu haina budi kupita mapafuni kabla ya kurudi upande wa kushoto wa moyo. Kauli yake ilikuwa sawa, lakini kitabu chake kilikaa maktabani bila ya kushughulikiwa, mpaka kilipotambuliwa tena mjini Berlin mwaka 1924 na tabibu wa Kimisri.

Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey alithibitisha kuwa damu huzunguka mwili mzima na kurudi moyoni. Na tazama, msomaji, alitumia nini: alitumia hesabu. Alikadiria damu itokayo katika pigo moja la moyo, akaizidisha kwa idadi ya mapigo, akaona kuwa kwa muda wa nusu saa tu hupita damu nyingi kuliko chakula cha mtu kiwezavyo kuzalisha. Basi, akasema, haiwezekani kuwa ni damu mpya kila mara. Ni ile ile inayozunguka. Mwaka 1661 Marcello Malpighi wa Italia akaona kwa hadubini vile vishipa vyembamba mno viunganishavyo mishipa ya kwenda na mishipa ya kurudi.

Kisha akaja Antoni van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa nguo wa mji wa Delft, Uholanzi, ambaye hakusoma chuo kikuu chochote, bali alijitengenezea lenzi kwa mkono wake. Mwaka 1674 alizieleza chembe nyekundu za damu. Alizichunguza za kwake mwenyewe, akafahamu kuwa chembe za mtu mzima wa afya hazina budi kuwa laini na zenye kupindika, zipate kupita katika vishipa vyembamba. Na kwamba zikipita huwa ndefu kama yai, kisha zikifika penye nafasi hurudia umbo lake. Haya yalisemwa zaidi ya miaka 300 iliyopita, na ndiyo mlango wa maneno yetu yote ya leo.

SAFARI YA CHEMBE MOJA

Sasa tuifuate chembe yenyewe. Upana wake ni kama mikroni 8, na mikroni ni sehemu moja katika elfu ya milimita. Yaani ukizipanga chembe 125 kwa safu, utapata milimita moja. Umbo lake ni duara bapa lililobonyea katikati pande zote mbili, kama kitumbua kilichofinywa kwa vidole. Kazi yake ni kuchukua oksijeni mapafuni na kuipeleka kila pembe ya mwili. Huishi siku kama 120, na mzunguko mmoja huichukua kama dakika moja. Piga hesabu: kabla haijafa, chembe hiyo imezunguka zaidi ya mara laki moja na nusu.

Na katika kila mzunguko hupita mahali pembamba kuliko yeye mwenyewe. Viko vishipa ambavyo upana wake ni mikroni 5 tu au pungufu. Katika wengu iko mianya isiyozidi upana wa mikroni moja, na kila chembe hujipenyeza humo kama mtu apitaye ubavu katika uchochoro wa mji wa kale. Iliyo laini hupita. Iliyo ngumu hunaswa ikavunjwa. Wengu, basi, ni chekecheke ya mwili.

MUNDU NDANI YA DAMU

Mwaka 1910 tabibu James Herrick wa Chicago, Marekani, alitangaza khabari za kijana mmoja wa kisiwa cha Grenada, mwanafunzi wa utabibu wa meno, aliyekuwa na upungufu wa damu na maumivu. Na katika damu yake zilionekana chembe ndefu zilizopinda mfano wa mundu. Umbo hilo ndilo asili ya jina la ugonjwa. Mwaka 1927 wataalamu Hahn na Gillespie walionyesha kuwa chembe hizo hupinda zinapokosa oksijeni. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake wakaonyesha kuwa kasoro imo katika himoglobini, ile protini nyekundu ichukuayo oksijeni. Na mwaka 1956 Vernon Ingram, huko Cambridge, akaanza kudhihirisha kasoro ni ipi hasa: katika mnyororo wa viungo 146, ni kiungo kimoja tu, cha sita, kilichobadilishwa na kingine.

Mwalimu wa madrasa hapati tabu kulifahamu jambo hili. Twajua namna herufi moja ibadilikavyo katika neno, na maana yote ikageuka. Ndivyo ilivyo hapa. Himoglobini ya namna hiyo inapoachia oksijeni, hushikana moja na nyingine zikawa nyuzi ndefu ngumu ndani ya chembe. Nyuzi hizo huisukuma ngozi ya chembe, ikapinda, ikakakamaa. Kitumbua chetu laini kimekuwa kipande cha kifuu. Kikifika kwenye kishipa chembamba hukwama, na vilivyo nyuma yake hukwama. Mahali pasipofika damu pakawa na maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo. Badala ya siku 120, chembe hiyo huishi siku 10 hadi 20, ndiyo maana mgonjwa huwa na upungufu wa damu na macho ya manjano. Na wengu, kwa kunaswanaswa chembe, huharibika mapema, mtoto akawa hana kinga ya kutosha dhidi ya maradhi ya kuambukiza.

PWANI NA ZIWA

Sasa huenda ukauliza: kwa nini ugonjwa huu uwe mwingi kwetu? Jawabu lake lilipatikana katika ardhi yetu hii ya Afrika Mashariki.

Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini akalelewa Kenya. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa Oxford, alifuatana na msafara wa kwenda Mlima Kenya, akakusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Akaona ajabu. Kwa watu waliokaa karibu na pwani, na kwa watu waliokaa karibu na Ziwa Viktoria, wenye alama ya mundu katika damu walizidi asilimia 20 katika baadhi ya makabila. Kwa watu wa milimani na wa nchi kame za kati walikuwa wachache mno, chini ya mmoja katika mia. Pwani na Ziwa zina nini kilicho kimoja? Si lugha, wala si chakula. Ni mbu, na malaria.

Mwaka 1953 alirudi, akapima maelfu ya watu wa Afrika Mashariki, na mwaka 1954 akaandika kuwa aliyerithi alama hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Uchunguzi uliofanywa Kilifi na kutangazwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa kinga hiyo hufikia kama asilimia 90 kwa malaria kali. Basi mtu wa namna hiyo si mgonjwa. Ni mzima, na katika nchi ya malaria ana hifadhi. Balaa huja mtoto anaporithi kwa baba na kwa mama pia. Huyo ndiye mgonjwa, na yeye malaria haimwachi bali humdhuru zaidi. Wengi huyachanganya mambo haya mawili, wakadhani mgonjwa wa sikoseli hana haja ya chandarua. Ni kosa kubwa.

Na khabari za huku kwetu ni hizi. Wataalamu wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, pamoja na wenzao, walipima damu za watoto wachanga zaidi ya 17,000 wa kanda hii ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, wakatoa khabari mwaka 2020. Walikuta kuwa mtoto mmoja katika kila watano ana alama kutoka kwa mzazi mmoja, na watoto kama 12 katika kila 1,000 wana ugonjwa wenyewe. Kwa Tanzania nzima, hutajwa kuwa watoto kama 11,000 wenye ugonjwa huu huzaliwa kila mwaka.

HESABU YA CHEMBE

Hapa ndipo ilipoingia elimu mpya, na napenda uifahamu, kwani jina lake hutisha kuliko yenyewe. Ni elimu ya kutengeneza kielelezo cha chembe kwa hesabu, na kukiendesha ndani ya kompyuta.

Mfano wake ni ilimu ya falaki. Mjuzi wa falaki hakulishika jua wala mwezi. Ameuandika mwendo wake kwa tarakimu, akaufuata kwa kanuni, akasema: jua litapatwa siku fulani, saa fulani. Kisha watu hutazama. Likitokea kama alivyosema, hesabu ni sahihi. Lisipotokea, hutafuta kosa lilipo. Ratiba ya nyakati za sala iliyotundikwa ukutani mwako ni tunda la hesabu ya namna hiyo. Wataalamu wa chembe wamefanya vivyo hivyo: huandika ukubwa wa chembe, mnato wa maji yake, nguvu ya ngozi yake kupinda na kuvutika, huamuru kompyuta ihesabu itakavyokwenda, kisha hulinganisha na chembe ya kweli chini ya hadubini.

Mwaka 1970 Peter Canham aliuliza kwa nini chembe iwe na umbo la kitumbua kilichobonyea. Akahesabu kuwa katika maumbo yote ambayo ngozi ya kiasi kile ingeweza kuyafanya, ikiwa imebeba maji ya kiasi kile, hilo ndilo liombalo nguvu ndogo kabisa ya kuipinda ngozi. Jambo hili lina faida kubwa. Ngozi ya chembe inazidi kwa kama asilimia 40 kiasi ambacho kingetosha kama ingekuwa mviringo kamili wa tufe. Chukua kiriba kisichojazwa pomoni: waweza kukikunja ukakipitisha katika mlango mwembamba. Kijaze mpaka kitune, hakipiti. Kumbe ile nafasi iliyoachwa wazi ndiyo inayoipatia chembe njia.

Katika miaka ya 1970 William Eaton na James Hofrichter, huko Marekani, walipima jambo jingine. Himoglobini ya sikoseli haifanyi nyuzi mara tu iachiapo oksijeni. Iko saa ya kungoja. Na saa hiyo hubadilika mno kwa kubadilika kidogo tu wingi wa himoglobini ile ndani ya chembe: ukiongeza sehemu moja katika kumi, muda wa kungoja waweza kupungua hata mara kumi na zaidi. Wakafahamu kuwa ugonjwa huu ni mashindano ya wakati. Chembe hukaa katika kishipa chembamba kwa muda kama wa sekunde moja. Ikiwahi kutoka kabla nyuzi hazijaanza, hufika mapafuni, ikachukua oksijeni, ikasalimika. Ikichelewa, hukakamaa papo hapo. Ndiyo sababu mgonjwa huambiwa anywe maji kwa wingi: mwili ukikauka, chembe hupungukiwa na maji, himoglobini ikasongamana, na saa ya kungoja ikafupika.

Katika miaka ya 2010 George Karniadakis na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walitengeneza chembe nzima ndani ya kompyuta. Wewe mtu wa pwani utaielewa upesi kwa jarife. Ngozi ya chembe walifanya kama wavu wenye mafundo mengi, na kila uzi kati ya fundo na fundo ukawa kama springi. Kompyuta huhesabu kila fundo linavutwa wapi, hulisogeza kidogo, huhesabu tena, mara mamilioni. Kisha wakazipitisha chembe nyingi katika kishipa cha hesabu, wakatazama pale kinapoziba. Mwaka 2013 walionyesha kuwa si zile chembe ngumu kupita zote zianzazo kuziba. Huanza zile zilizo laini bado lakini zenye kunata. Hushika ukutani, na zile ngumu hufika nyuma yake zikanaswa. Ni kama mtaro wa mvua: kwanza hunata majani laini, kisha vijiti vikajikusanya, maji yakasimama. Hapo zamani wataalamu waliotumia vishipa vya wanyama walikwishaona dalili za namna hiyo. Hesabu ikaja kuonyesha jinsi inavyotokea hatua kwa hatua.

KILIFI NA NGOZI YA DUFU

Sasa turudi nyumbani. Kilifi, kaskazini ya Mombasa, kipo kituo kikubwa cha utafiti wa maradhi. Mwaka 2017 ilitangazwa kuwa watu wa aina moja ya damu iitwayo Dantu, inayopatikana Afrika Mashariki zaidi kuliko kwingineko, hupungukiwa na hatari ya malaria kali kwa kama asilimia 40. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili hupungukiwa zaidi, kama asilimia 70. Dantu si sikoseli, wala haina uchungu wala ugonjwa. Basi kinga hiyo yatoka wapi?

Wataalamu wa Kilifi, akiwamo Silvia Kariuki na Thomas Williams, walishirikiana na wenzao wa Cambridge, Uingereza. Walichukua damu za watoto 42 wa Kilifi walio wazima, wengine wana Dantu na wengine hawana, wakapiga picha za video kimelea cha malaria kinapojaribu kuingia katika chembe. Kimelea huja, hugusa, husukuma, huibonyeza ngozi ya chembe, kisha hujifunika nayo akaingia ndani. Kwa chembe nyingi za Dantu aligusa, akasukuma, akashindwa.

Walipimaje? Ngozi ya chembe haitulii; kwa joto lake yenyewe hutetemeka kidogo kidogo. Mwaka 1975 Wafaransa Brochard na Lennon waliandika kanuni ya hesabu ya kutetemeka huko, wakiwa wanataka tu kujua kwa nini chembe humetameta chini ya hadubini. Wala hawakuwa na khabari za Dantu. Lakini kwa elimu iliyojengwa juu ya kazi yao, miaka 45 baadaye, kompyuta iliitazama video, ikapima mtetemeko, ikatoa kiasi cha mkazo wa ngozi ya chembe. Msomaji umeliona dufu la maulidi: likilegea, ukilibonyeza kwa kidole huingia, likiambwa vizuri na kuoteshwa moto, kidole hudunda. Chembe za Dantu zimeambwa zaidi. Na waliona kuwa kiko kiwango cha mkazo ambacho kikipitwa, kimelea haingii, hata katika chembe za mtu asiye na Dantu. Khabari hizi zilichapishwa mwaka 2020 katika jarida la Nature.

Hebu yaweke pamoja. Ugumu wa sikoseli huua, na mkazo kidogo wa Dantu huokoa. Ulaini huipitisha chembe katika wengu, na ulaini huo huo humfungulia kimelea mlango. Kila kitu kina kadiri yake, na mtu hakuijua kadiri hiyo ila kwa kupima.

LINALOTUPASA

Utasema: Sheikh, sisi si watu wa hadubini, haya yatufaa nini? Nakujibu kwa mambo manne.

La kwanza, hapana mchawi. Mtoto wa sikoseli huzaliwa akionekana mzima, kwa kuwa miezi ya mwanzo bado ana himoglobini ya tumboni isiyofanya nyuzi. Jirani humsifu, bibi humbeba. Akifika kama miezi sita, mikono na miguu huvimba, hulia usiku. Mwenye kutafuta wa kumshika atamshika yule aliyesifu au aliyebeba. Mkoa huu wa Shinyanga umetajwa kwa huzuni, tangu miaka ya 1970 hata baada ya mwaka 2000, kwa vikongwe waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, na wengine dalili yao ni macho mekundu, yaliyowiva kwa moshi wa kupikia. Sisemi kuwa kila mtoto aliyewasababishia hao kuuawa alikuwa na sikoseli. Nasema kwamba palipo na kifo cha mtoto kisichojulikana sababu yake, hapo ndipo kisu hunolewa. Wala usiseme hayo ni ya bara. Hata pwani, nani kati yetu hakusikia mtoto wa maumivu ya mifupa akiambiwa ana kijicho cha fulani, au jini la nyumba fulani, na udugu ukakatika mpaka leo?

La pili, mama hakosi peke yake. Nimewahi kuitwa kusuluhisha nyumba ambamo mume alitaka kumwacha mkewe kwa kuwa watoto wawili wamekufa, na akina shangazi wakisema damu ya mwanamke ile ni mbaya. Nilimwambia bwana yule ilivyo hesabu. Haugui mtoto ila amerithi kwa baba na kwa mama. Nusu ya ugonjwa wa mtoto wako ni yako. Mwenye kumtukana mkewe kwa hilo amejitukana mwenyewe.

La tatu, ulizaneni kabla ya kuoana. Wanafunzi wa faraidhi wamezoea robo na nusu, basi wazisome hizi: wazazi wote wawili wakiwa na alama, kila mimba ina robo ya kuwa mtoto mgonjwa, nusu ya kuwa mtoto ana alama kama wao, na robo ya kuwa hana kabisa. Wala robo si zamu. Haina maana kwamba akiugua wa kwanza basi watatu watasalimika. Kila mimba huanza hesabu yake upya. Na kwetu pwani, tupendao kuoza binamu kwa binamu, yatupasa kuangalia zaidi, kwa kuwa damu za ukoo mmoja hufanana. Ndoa hiyo ni halali wala siiharimishi. Lakini tunauliza nasaba, tunauliza tabia, tunauliza kazi ya mchumba. Iweje tusiulize damu? Saudi Arabia na Bahrain zimelazimisha kipimo hiki kabla ya ndoa tangu mwaka 2004, na huko Saudia majibu yakishatolewa wachumba huachiwa hiari yao. Na kipimo kikitoka, kiwe siri ya wenyewe. Asiitwe binti wa watu mgonjwa kwa kuwa na alama. Huyo ni mzima, na kijana aliyeletwa kumposa huenda anayo pia.

La nne, mtoto akishakuwa mgonjwa, msikate tamaa wala msimzungushe kwa waganga. Muhimbili, Dar es Salaam, tangu mwaka 2004 Profesa Julie Makani na wenzake wameandikisha na kuwafuatilia maelfu ya wagonjwa. Iko dawa iitwayo haidroksiyurea. Kazi yake kubwa ni kuirudisha kwa sehemu ile himoglobini ya utotoni, na kwa hivyo kuirefusha ile saa ya kungoja niliyokueleza, chembe ikapata kupita kabla haijakakamaa. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya majaribio yake kwa watoto 606 wa Angola, Kongo, Uganda na Kenya, na kwa Kenya mahali penyewe palikuwa Kilifi. Maumivu yalipungua, haja ya kuongezewa damu ilipungua, malaria ilipungua, na vifo vilipungua. Dawa hii hutolewa na tabibu kwa kipimo na kwa kuangaliwa damu; si ya kununuliwa dukani na kunywewa kwa kukisia. Pamoja na hiyo, mtoto hupewa kinga ya penisilini katika miaka ya mwanzo, chanjo zake zote, chandarua kila usiku, na maji ya kunywa ya kutosha. Akipata homa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asingojewe kesho.

Ndugu msomaji, mfanyabiashara wa nguo wa Delft alitazama damu yake mwenyewe akasema chembe haina budi kuwa laini. Baada yake wamekuja wapimaji na wahesabuji wa kila nchi, na wa mwisho wao wamo Kilifi na Mwanza, nao huzungumza Kiswahili kama mimi na wewe. Elimu imekwisha kufika mlangoni. Basi posa ijayo ikiletwa nyumbani kwako, baada ya kuulizana yale tuliyoyazoea, mwambie mzee mwenzako kwa upole: tuwapeleke vijana wetu wote wawili wakapime damu, kisha tuzungumze mahari. Wabillahi tawfiiq.